Mfumo wa mahakama uliangalie pia jalada lililokwisha kufungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo hupitwa haraka kila yanapotajwa mafanikio ya Mahakama katika matumizi ya TEHAMA, nalo ni hatima ya jalada baada ya hukumu kusomwa na wadaawa, yaani wenye kesi, kurudi makwao. Nilitumikia masijala za ofisi za umma mkoani Tabora kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na hata baada ya kustaafu majirani na ndugu huniletea karatasi zao za zamani niwasaidie kuzisoma na kuwaelekeza pa kuanzia. Mimi ni muumini wa mifumo ya kielektroniki. Hofu yangu ni kwamba tunajenga mfumo unaojua kuendesha shauri na usiojua kulitunza.

Yaliyofanyika si madogo. Kanuni za usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki zilitangazwa mwaka 2018 kwa Tangazo la Serikali Na. 148, zikamfungulia njia wakili aliyeko Kibondo au Nzega kuwasilisha hati zake bila kupanda basi. Mwishoni mwa 2023 Mahakama ilihamia mfumo mpya wa kusimamia mashauri, ukachukua nafasi ya ule uliojulikana kwa kifupi kama JSDS. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII na yeyote mwenye simu na bando, wakati zamani ilibidi umfahamu mtu wa maktaba au wakili mwenye moyo mwema. Wazee wa Kigoma wanakumbuka enzi ambazo, kabla mkoa wao haujapata Mahakama Kuu yake, mkata rufaa wa Kasulu alilazimika kuja Tabora, mara nyingi kwa treni, na akifika huenda akaambiwa kuwa jalada lake bado halijatumwa kutoka mahakama ya chini. Hakuna anayetamani zama hizo zirudi.

Hata hivyo, ukiutazama mfumo wa kusimamia mashauri kwa jicho la mtu wa masijala, utaona kwamba umetengenezwa kwa ajili ya shauri linalotembea. Shauri linasajiliwa, linalipiwa ada, linapangiwa hakimu, linapewa tarehe, linasikilizwa, linatolewa uamuzi, kisha linahesabiwa miongoni mwa yaliyomalizika, na takwimu zake zinapanda kwa wakubwa ili ijulikane mlundikano umepungua kwa kiasi gani. Ni kazi ya lazima, kwa sababu Katiba yenyewe, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Lakini siku shauri linapomalizika kwa hesabu ya hakimu, ndiyo siku jalada linapoanza maisha yake marefu kwa hesabu ya wananchi. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi, na aliyeshinda kesi anaweza kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, ndani ya miaka 12 pia. Mirathi hufufuka wajukuu wanapokua. Talaka iliyotolewa leo itaulizwa siku mmoja wa wanandoa wale atakapofariki. Kompyuta na programu zake, kwa upande mwingine, hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila zinapobadilishwa lazima mtu aamue ni kumbukumbu zipi zinahama na zipi zinabaki. Ningependa kujua mtu huyo ni nani, na anaamua kwa mwongozo gani.

Nichukue mirathi, kwa kuwa ndiyo inayoleta watu wengi kwangu. Katika mahakama ya mwanzo anayeomba kusimamia mirathi huanza na Fomu Na. 1, akishateuliwa anatakiwa, ndani ya miezi minne, awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Na. 5, na baadaye hesabu za jinsi alivyogawa katika Fomu Na. 6. Karatasi hizo ndizo zinazosema shamba la Sikonge lilikuwa la marehemu peke yake au la ukoo, nyumba ya Ng'ambo, hapa mjini Tabora, ilikwenda kwa nani, na ng'ombe waligawanywa vipi kati ya nyumba kubwa na nyumba ndogo. Zikipotea, kinachobaki ni maneno ya watu wazima wanaogombana mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuna familia moja ninayoifahamu ambayo baba yao alifariki miaka ya themanini. Msimamizi, ambaye ni baba yao mdogo, aligawa mali kwa haki na kila mtu akaridhika, naye sasa ni marehemu. Wajukuu walipotaka kumilikishwa kiwanja waliulizwa uthibitisho wa mahakama. Walikwenda kwenye mahakama ya mwanzo inayohusika, na karani, kijana mwenye adabu, akaandika jina la babu kwenye kompyuta, akatazama, akawaambia kwamba kwenye mfumo halipo. Alisema kweli tupu: mfumo una mashauri yaliyosajiliwa tangu mfumo uwepo. Lakini wale wajukuu walisikia kwamba mirathi ya babu yao haikuwahi kufunguliwa, na mmoja wa shangazi, ambaye hakuwa na kiwanja, akaanza kusema kuwa mgawanyo wote ulikuwa wa mdomo na unaweza kuanza upya. Baadaye, kwa msaada wa mtumishi wa zamani aliyejua rejista za miaka ile zinawekwa wapi, jina lilionekana katika mstari mmoja wa kitabu kilicholiwa pembeni na mchwa: namba ya shauri, jina la marehemu, jina la msimamizi, tarehe ya uteuzi, na saini ya hakimu. Jalada lenyewe halijapatikana mpaka leo. Mstari ule mmoja ndio ulioituliza familia ile.

Nimeueleza mkasa huu kwa kirefu kwa sababu unaonyesha hatari ambayo watengenezaji wa mifumo hawaioni wakiwa makao makuu. Zamani jalada likikosekana, karani alisema halionekani, na kila mtu alielewa kwamba lipo mahali fulani na litatafutwa. Leo kompyuta ikijibu kuwa hakuna kumbukumbu, jibu hilo huchukuliwa kama neno la mwisho, na mtumishi kijana ambaye hakuwahi kufungua rejista ya karatasi hana sababu ya kulitilia shaka. Mfumo unapaswa kusema wazi, kwenye kioo kilekile cha kutafutia, kwamba mashauri ya kabla ya mwaka fulani ya mahakama hiyo yako katika rejista za karatasi na kwamba rejista hizo zinatunzwa chumba fulani. Ni sentensi moja tu ya kuandika, na ingewaokoa watu wengi.

Lipo pia suala la majina, ya watu na ya mahali. Mwaka 2012 wilaya mpya zilianza katika mikoa yetu hii miwili, Tabora na Kigoma: Kaliua ilitoka Urambo, Buhigwe ilitoka Kasulu, Kakonko ilitoka Kibondo, na Uvinza ilitoka Kigoma. Jalada la mwaka 1995 la mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu limeandikwa Wilaya ya Urambo, na siku likiingizwa kwenye mfumo unaomlazimisha mtumishi achague wilaya kutoka orodha ya leo, ataweka Kaliua au ataweka Urambo kwa kadiri anavyoelewa, na mwenzake wa meza ya pili ataweka kinyume chake. Majina ya watu ndiyo zaidi. Shabani wa rejista ni Shaaban wa hukumu na Shaban wa kitambulisho cha taifa. Mwanamke aliyeitwa kwa jina la baba yake alipofungua kesi anaitwa Mama Fulani katika maelezo ya shahidi. Na kwa upande wa Kigoma majina ya Kiha yameandikwa na makarani wa kila kabila, kila mmoja kwa jinsi sikio lake lilivyosikia. Karani mzoefu alikuwa akitafuta kwa namna tatu au nne bila kuambiwa. Kompyuta haitafanya hivyo mpaka ifundishwe, na haitafundishwa kama wanaoitengeneza hawakukaa na wazee wa masijala wakawauliza.

Kwa sababu hiyo naomba sana kwamba namba ya zamani ya shauri isifutwe wala isigeuzwe. Shauri likipewa namba mpya ya mfumo, namba yake ya kwanza, jina la mahakama kama lilivyoitwa siku ile, na wilaya kama ilivyokuwa siku ile, vibaki pembeni yake daima. Mzee aliyetunza nakala ya hukumu ndani ya sanduku la bati kwa miaka thelathini ana namba ile ya zamani tu, naye hatajua nyingine.

Sasa nije kwenye kuskani, maana wengi wakisikia utunzaji wa kumbukumbu kidijitali hudhani kazi yote ni kununua mashine na kupitisha karatasi. Jalada la mahakama si rundo la karatasi zinazofanana. Limefungwa kwa uzi pembeni, kurasa zina mpangilio wake, na mpangilio huo wenyewe ni ushahidi wa lini hati gani iliingia. Ndani kuna maandishi ya hakimu kwa mkono, mara nyingine kwa kalamu ya risasi. Kuna mchoro wa mipaka ya shamba uliochorwa siku mahakama ilipotembelea eneo la mgogoro, mwembe hapa, kichuguu pale, njia ya ng'ombe katikati. Kuna stakabadhi ndogo zilizobandikwa kwa gundi juu ya karatasi kubwa. Kuna hati ya mauziano ambayo mbele ina maelezo na nyuma ina dole gumba la muuzaji na la mashahidi. Mtu anayelipwa kwa idadi ya kurasa atakata uzi, atavuta pini, atapitisha upande wa mbele, na lile dole gumba la nyuma halitaonekana tena. Mchoro wa kalamu ya risasi utatoka mweupe. Zile stakabadhi zitaachia gundi na kuangukia jalada la jirani. Na kwa kuwa mashine za kusoma maandishi zinaweza kusoma chapa lakini zinashindwa na mwandiko wa mkono wa mahakimu wetu wa miaka ya sabini, picha ile haitatafutika kwa neno lolote isipokuwa yale ambayo mtumishi ameyaandika juu yake. Akiandika vibaya, jalada limepotea ndani ya kompyuta kama ambavyo lingepotea ndani ya ghala, tofauti ikiwa kwamba ghala unaweza kuingia na tochi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba karatasi za asili zisichomwe kwa hoja kwamba zimeshaskaniwa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 haikumpa mkuu wa ofisi uhuru wa kutupa kumbukumbu za umma kwa sababu chumba kimejaa; uteketezaji una utaratibu wake na idhini yake. Na katika mahakama zetu za mwanzo yamo majalada yenye umri mkubwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilipoziingiza mahakama za wenyeji katika mfumo mmoja wa nchi, baadhi ya vitabu vya mabaraza ya enzi za watemi vilibaki katika maboma na vyumba vya nyuma. Katika eneo kama Unyanyembe, utemi wa zamani wa hapa Tabora, vitabu hivyo ni historia ya ardhi, ndoa na madeni ya watu wa kawaida ambao hawakuandikwa popote pengine.

Kuna swali ambalo Mahakama imezoea kuwauliza wengine na ambalo naomba ijiulize yenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaeleza namna ya kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki: taarifa ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, ilisafirishwaje, ukamilifu wake ulilindwaje, na aliyeituma alitambuliwaje. Mfanyabiashara wa Kaliua akileta miamala ya simu mahakamani, maswali hayo yatamsubiri mlangoni. Ni haki jalada la kielektroniki la mahakama nalo likajibu maswali hayohayo. Nani aliyelifungua, lini, alibadilisha nini, na kilichokuwepo kabla ya mabadiliko kiko wapi? Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, ISO 15489, kinataka kumbukumbu iwe halisi, iaminike, iwe kamili na iweze kutumika, na sifa hizo nne hazipatikani kwa kuweka nywila peke yake. Zinapatikana kwa mfumo unaoandika kila mguso bila mtumishi yeyote, hata msimamizi wa mfumo, kuwa na uwezo wa kufuta maandishi hayo. Na kwa kila hati kuchukuliwa alama ya hesabu inayotokana na hati yenyewe, kiasi kwamba herufi moja ikibadilishwa alama nayo inabadilika na udanganyifu unaonekana.

Zaidi ya hayo, hati itunzwe katika umbo litakalofunguka miaka mingi ijayo. Tangu 2005 lipo umbo maalumu la faili la PDF lililokusudiwa hifadhi ya muda mrefu, ambalo hubeba ndani yake herufi na kila kinachohitajika ili lisomeke bila kutegemea programu ya kampuni moja. Si gharama kubwa kuamua mapema kwamba kila hukumu na kila mwenendo, yaani maandishi ya yaliyosemwa na kufanyika mahakamani, uhifadhiwe hivyo. Gharama kubwa ni kuamua kwa kuchelewa.

Nchi zilizotutangulia nazo hazikusalimika. Januari 2021 mahakama za shirikisho za Marekani, ambazo zimekuwa na mfumo wao wa majalada ya kielektroniki kwa miaka mingi, zilitangaza kwamba usalama wa mfumo huo ulitiliwa shaka kufuatia uvamizi mkubwa wa kimtandao, na zikaagiza hati nyeti kupita kiasi ziwasilishwe kwa karatasi au kwa kifaa salama, zisipandishwe mtandaoni. Taifa lenye fedha na wataalamu wale lilirudi kwenye karatasi kwa hati zake za siri. Sisi ambao umeme wetu hukatika, na ambao Kigoma yetu kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta za mafuta, hatuna sababu ya kuona aibu kutunza karatasi sambamba na mfumo. Na ieleweke kwamba nakala akiba inayochukuliwa kila usiku haitoshi kuitwa hifadhi: nakala akiba inakusaidia seva ikiungua leo, lakini kosa lililoingia kimyakimya mwezi uliopita nalo limo ndani ya nakala hiyo.

Nisiache kumtaja mfungwa. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu na siku 45 za kuleta rufaa yenyewe, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba mzigo. Mtu aliyeko Gereza la Uyui au Bangwe hana wakili wa kumfuatilia masijala, na kalenda yake yote imesimama juu ya karatasi ambazo mtu mwingine anapaswa kuzichapa, kuzihakiki na kuzituma. Jalada likikosekana kabisa, mahakama ya rufaa hulazimika kuagiza kumbukumbu zikusanywe upya kutoka kwa waendesha mashtaka, polisi na magereza, na zisipopatikana inabaki na uchaguzi mgumu kati ya kuamuru kesi isikilizwe upya, mashahidi wakiwa wameshatawanyika au kufa, na kumwachia mtu ambaye huenda alitenda kosa zito. Katika hali zote mbili kuna mtu anayedhulumiwa: aliyekaa ndani bila rufaa yake kusikilizwa, au aliyetendewa na haki yake ikapotea pamoja na karatasi.

Hapa ndipo teknolojia inaweza kutusaidia kweli, na hapa ndipo inahitaji uangalizi mkubwa zaidi. Mahakama imeanza kutumia akili mnemba kunukuu maneno yanayosemwa mahakamani na kuyatafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza, ili kumpunguzia hakimu kazi ya kuandika kila neno kwa mkono. Naipongeza hatua hiyo. Lakini Kiswahili cha shahidi wa Uyui kina Kinyamwezi ndani yake, cha Buhigwe kina Kiha, na wapo wazee wanaotoa ushahidi kupitia mkalimani, ambapo maneno ya shahidi na ya mkalimani hupishana kwenye kipaza sauti kimoja. Mashine itakosea, kama ambavyo mkono nao ulikosea. Kwa hiyo sauti yenyewe iliyorekodiwa ndiyo kumbukumbu ya kwanza, na maandishi ni zao lake. Sauti hiyo isifutwe kwa kuwa inajaza seva. Itunzwe walau mpaka ngazi zote za rufaa zimalizike, na mkata rufaa anayedai kwamba hakusema neno aliloandikiwa awe na haki ya kuomba isikilizwe. Sijaona jambo hili likijadiliwa hadharani, nami naliona kuwa zito kuliko mengine yote niliyoyataja yanayohusu mashauri mapya.

Kuhusu faragha nitasema kwa kifupi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekuja wakati wake, kwa sababu jalada ambalo zamani lilisomwa na aliyefika masijala akajitambulisha, sasa linaweza kusomwa na mtu yeyote aliyepewa ruhusa kwenye mfumo akiwa popote. Majina ya watoto, ya waliobakwa, na hali za afya za watu yafichwe kabla hukumu haijapandishwa mtandaoni, na kazi hiyo apewe mtu mwenye mafunzo, si mwanafunzi wa wiki mbili.

Neno mafunzo ndilo linalonileta kwenye ombi langu. Katika ofisi nyingi nilizozipitia, mtunza kumbukumbu alikuwa mtu wa mwisho kuulizwa na wa kwanza kulaumiwa. Masijala ilikuwa mahali pa kumpeleka mtumishi aliyekorofishana na mkubwa wake. Mifumo ilipokuja, wataalamu wa TEHAMA walikaa na wanasheria, nao mtunza kumbukumbu akaitwa siku ya kuonyeshwa pa kubonyeza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari nalo linahitaji mwenye daftari. Naomba Mahakama, pamoja na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, wampe mtunza kumbukumbu kiti katika meza ya maamuzi ya mfumo: awe na sauti ya kusema hati hii ikae miaka mingapi, ihamishwe kwa umbo gani, na nani aidhinishe kabla ya kitu chochote kufutwa. Mfumo ukibadilishwa tena, kama utakavyobadilishwa, asiruhusiwe yeyote kuzima wa zamani kabla mtu huyo hajathibitisha kwa maandishi kwamba majalada yaliyokuwemo yamefika yote na yanafunguka.

Kwa majalada ya zamani, sishauri tukimbilie kuskani yote, maana fedha haitatosha na kazi itafanywa kwa haraka. Tuanze na rejista. Kitabu kimoja cha rejista kinabeba mashauri ya mwaka mzima au zaidi ya mahakama nzima, mstari kwa mstari, na kikipigwa picha vizuri na kuorodheshwa, hata jalada lililopotea linabaki na ushahidi kwamba liliwahi kuwepo. Baada ya rejista, mirathi na ardhi zitangulie, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa na walio hai. Mengine yasubiri kwenye rafu safi, mbali na sakafu, mbali na mchwa, chini ya paa lisilovuja.

Na watu wa kuifanya kazi hiyo tunao hapahapa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi lake Tabora, ambalo wengi wetu bado tunalikumbuka kama Chuo cha Uhazili, na vijana wake wanaosomea utunzaji wa kumbukumbu hutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka, wengine wakiishia kupanga barua katika ofisi ambazo hazina cha kuwafundisha. Wakipewa rejista za mahakama za mwanzo za Tabora na Kigoma, chini ya usimamizi wa mkufunzi na karani mzoefu wa mahakama husika, wakiwa wameapishwa kutunza siri, wanaweza kuziorodhesha mahakama moja baada ya nyingine katika miezi ya kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijafika kwenye vyumba ambavyo madirisha yake hayana vioo. Naomba Mtendaji wa Mahakama katika kila kanda na uongozi wa chuo wakutane walizungumze jambo hili, na wastaafu wa masijala tulio karibu tuko tayari kuja kuwasomea vijana miandiko ya zamani bila kudai posho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Cheyo, Tabora.